Saa Hujitia Ufunguo, Lakini Haijui Mwezi

Siku ya Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024, mzee mmoja mkulima alifika mezani pangu ofisini na ombi lake la maji ya kumwagilia shamba. Nilizipokea karatasi zake, nikaitazama saa ya mkono wangu kwa haraka, nikaandika tarehe: 31/6/2024. Baada ya siku chache karatasi zilirudishwa, kwa kuwa mwezi wa Juni hauna siku ya 31. Ilimbidi mzee aje tena kutia sahihi, akalipa nauli mara ya pili na kupoteza siku nzima ya palizi. Hakunitukana. Aliitazama saa yangu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, saa kubwa namna hii haijui mwezi?"

Nilitahayari sana. Basi, kwa kuwa wengi wetu twavaa saa za namna hiyo pasipo kuzielewa, yafaa nieleze habari zake.

Saa hiyo ina kazi tatu. Kwanza, hujitia ufunguo yenyewe. Ndani yake mna kipande kizito cha chuma, mfano wa nusu duara, ambacho huzunguka kila mkono unapotikisika na kuikaza kamani. Pili, ni kronografu, yaani ina mshale wa kupimia muda wa jambo fulani. Tatu, huonyesha jina la siku na tarehe.

Kuziunganisha kazi hizi halikuwa jambo jepesi, maana kila moja yataka nafasi yake katika chombo kidogo. Mafundi wa Uswisi na Japani walishindana, na wote walifaulu katika mwaka mmoja, 1969. Zenith ilitangaza saa yake mwezi wa Januari; Heuer, Breitling na wenzao wakatangaza yao mwezi wa Machi; na Seiko wa Japani nao wakauza yao mwaka huo huo. Saa moja ya Seiko ya aina hiyo ilifika hata angani. William Pogue, rubani wa Marekani, aliichukua alipokwenda kukaa siku 84 katika chombo cha Skylab, tangu Novemba 1973 hadi Februari 1974.

Lakini msomaji asidhani kwamba kronografu ni ya marubani tu. Mkulima mwenye pampu aweza kuweka debe la lita 20 chini ya bomba, abonyeze kifungo cha juu maji yanapoanza kuingia, akibonyeze tena debe lijaapo. Likijaa kwa sekunde 40, pampu yatoa lita 30 kwa dakika, ndiyo lita 1,800 kwa saa moja. Akipima hivyo kila mwezi, atajua mapema pampu ikianza kuchoka. Kifungo cha chini hurudisha mshale mwanzo, lakini usikibonyeze kabla ya kuusimamisha mshale kwa kile cha juu. Wala usibonyeze vifungo mkono ukiwa majini.

Sasa tuje kwenye tarehe, iliyoniponza mimi. Saa nyingi za namna hii huhesabu kila mwezi kuwa na siku 31. Kwa hiyo, mara tano kwa mwaka, baada ya Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba, hapana budi mwenyewe airekebishe. Jina la siku halikosei, maana juma lina siku saba daima. Ndiyo sababu mtu hudanganyika upesi. Asubuhi ile saa yangu iliandika Jumatatu, nami nikaiamini kwa yote.

Tena saa haijui usiku na mchana. Mishale yote miwili ikisimama penye 12, sisi twasema ni saa sita, lakini saa yenyewe haitambui kama ni sita ya mchana au ya usiku. Ukiirekebisha vibaya, tarehe itabadilika adhuhuri, watu wakila chakula. Ikiwa ilisimama kwa kuvuliwa siku mbili tatu, zungusha mishale mbele mpaka uone tarehe ikibadilika. Hapo umefika saa sita ya usiku. Endelea mbele hadi mshale mfupi uelekee chini penye 6, ndiyo saa kumi na mbili ya asubuhi. Hapo ndipo uweke tarehe, kisha uipeleke saa kwenye wakati ulipo. Usiibadilishe tarehe kwa kichwa cha saa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu meno ya tarehe huwa yamekwisha kushikana, na kuyalazimisha kwaweza kuyavunja. Gharama ya fundi si ndogo.

Mzee yule alipata maji yake, ingawa kwa kuchelewa. Nami tangu siku ile nimetundika kalenda ya karatasi ukutani mbele ya meza yangu. Kila tarehe mosi huitazama kwanza, kisha huirekebisha saa, ndipo nishike kalamu. Saa yaweza kujitia ufunguo, lakini jina linaloandikwa chini ya karatasi ni la karani.