Ngano ya Waarabu na Mbegu Iliyokimbia Vita

Serikali ya Misri huogopa bei ya mkate kuliko inavyoogopa wapinzani, na ina sababu. Januari 1977 Rais Anwar Sadat alipojaribu kupunguza ruzuku ya vyakula, watu waliingia barabarani kuanzia Alexandria hadi Aswan, makumi wakafa, na uamuzi ukafutwa mara moja. Baadaye mkate wa ruzuku uliuzwa piasta 5 kwa zaidi ya miaka 30. Juni 2024 ndipo ulipopanda hadi piasta 20, na hata hapo hazina ya serikali bado inabeba sehemu kubwa ya gharama.

Lakini ruzuku haioti ngano. Misri ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa ngano duniani, na kabla ya vita vya Februari 2022 takriban asilimia 80 ya ngano iliyoagiza ilitoka Urusi na Ukraine. Meli zilipokwama Bahari Nyeusi, waliotetemeka ni Cairo.

Saudi Arabia ilishika njia nyingine: kulima jangwani. Katika miaka ya 1980 serikali ilinunua ngano ya wakulima wake kwa bei iliyozidi ya soko la dunia mara kadhaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa inauza ngano nje. Wengi walishangilia. Maji yaliyotumika, hata hivyo, yalichimbwa kutoka chini sana, yamekaa huko maelfu ya miaka, na mvua ya Arabuni haiwezi kuyarudisha. Mwaka 2008 Riyadh iliamua kupunguza ununuzi hatua kwa hatua hadi kuuacha mwaka 2016. Kukiri hivyo hadharani kulihitaji ujasiri, lakini maji yalikwisha kwenda.

Kazi yenye tija zaidi ilikuwa ikifanyika kimyakimya Tel Hadya, kusini mwa Aleppo, Syria. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu kilichoanzishwa mwaka 1977. Watafiti wake walikusanya mbegu za ngano, shayiri, dengu na njegere, pamoja na magugu ya porini ambayo ni ndugu wa mimea hiyo. Vita vya Syria vilipowafukuza, nakala za mbegu nyingi zilikuwa tayari zimehifadhiwa Svalbard, Norway, kwenye ghala lililochimbwa ndani ya mlima ulioganda. Mwaka 2015 ICARDA ikawa ya kwanza kuomba mbegu zake zitolewe humo. Sampuli zaidi ya 38,000 zilipelekwa Lebanon na Morocco, zikapandwa, zikavunwa, na mwaka 2017 nakala mpya zikaanza kurudishwa ghalani.

Nasi Afrika Mashariki tumo katika habari hii. Mwaka 1998 ilionekana Uganda aina mpya ya kutu ya shina la ngano, ikapewa jina Ug99. Shina hutoka vipele vyekundu kama tofali. Ukivipitishia kidole, unga wake hubaki mkononi. Upepo uliubeba unga huo hadi Kenya na Ethiopia, na kufikia 2006 ugonjwa ulikuwa umevuka bahari hadi Yemen. Njoro, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ikawa mahali pa kuzijaribu ngano za nchi nyingi: hupandwa hapo makusudi ili ziugue, na zinazostahimili ndizo zinazoendelezwa.

Utafiti mwingine hauhitaji hata maabara. Katika jimbo la Sharqia, kwenye delta ya Nile, wakulima waliozoea kufurikisha shamba zima walionyeshwa kupanda ngano juu ya matuta mapana, maji yakipita kwenye mifereji tu. Maji ya kumwagilia yalipungua kwa takriban robo, na mavuno yakaongezeka. Mashine ya kuinua matuta hayo ilitengenezwa hukohuko Misri.

Mabilioni yanayotumika kununua ngano ya meli hayatatoweka kesho, na hakuna anayemtaka maskini wa Cairo akose mkate wake. Ila nchi inayoagiza ngano kwa mamilioni ya tani haina udhuru wa kuwaachia wafadhili wa mbali bajeti ya mbegu. Ghuba inazo fedha, Misri na Morocco zinao watafiti. Wachangie Njoro, wachangie hifadhi za Lebanon na Morocco, na waanze na msimu ujao.