Kipoza Oili Kilichotoboka: Kizibwe au Kiondolewe?

Kokoto linaporuka na kutoboa kipoza oili cha pikipiki, mwenye chombo hukabiliwa na swali moja: kipoza kizibwe, au kiondolewe kabisa? Mara nyingi uamuzi hufanywa kwa kutazama bei. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu lililo salama hutokana na kanuni za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Kazi ya kipoza

Petroli inapoungua ndani ya silinda, kati ya robo na theluthi tu ya nishati yake hugeuka kuwa kazi. Nishati iliyobaki ni joto, nalo halina budi kutoka. Kiasi kikubwa hutoka pamoja na moshi. Kingine hutoka kwa njia ya mapezi ya silinda yapigwayo na upepo. Na kingine huchukuliwa na oili. Kipoza ni mirija myembamba ya alumini yenye mapezi. Pampu huipitisha oili humo, na upepo huipunguzia joto.

Oili nzito ya injini, ikipashwa kutoka nyuzi 40 hadi nyuzi 100 za sentigredi, hubakiwa na takriban sehemu moja ya kumi ya mnato wake. Joto likizidi mno, utando wa oili hukatika na chuma husaga chuma.

Ukubwa wa injini

Pikipiki nyingi za abiria hapa kwetu, zenye injini za sentimita za ujazo 100 hadi 150, hazina kipoza wala hazikihitaji. Kwa nini? Mchemraba wenye upande wa sentimita 10 una ujazo wa 1,000 na uso wa 600. Upande ukiwa sentimita 20, ujazo huwa 8,000, lakini uso ni 2,400 tu. Ujazo umeongezeka mara nane, uso mara nne. Vivyo hivyo, kadiri injini inavyokuwa kubwa, ndivyo uso wake unavyopungukiwa na uwezo wa kutoa joto lote. Suzuki GSX-R750 ya mwaka 1985, yenye silinda nne, ilibuniwa ipozwe kwa oili pamoja na hewa. Kuiondolea kipoza injini ya namna hiyo ni kuiangamiza.

Kuziba

Mapezi yaliyopinda tu hunyooshwa taratibu. Mrija uliotoboka ni jambo jingine. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, ilhali utando wa oksidi unaoifunika huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 2,070. Kwa hiyo mwali wa kawaida, bila dawa ya kuondoa oksidi, huweza kuuyeyusha mrija kabla utando huo haujaachia. Uchomeleaji bora hutumia umeme wa mkondo geu na gesi ya agoni, baada ya kipoza kuoshwa oili yote. Gundi ya epoksi hutanuka kuliko alumini ipatapo joto, na mtikisiko huibandua. Isitegemewe kwa safari za kila siku. Oili ikivuja na kufika kwenye tairi la nyuma, humwangusha dereva na abiria wake.

Kuondoa

Ikiwa kipoza kiliongezwa na mwenye pikipiki, kukiondoa ni kuirudisha injini katika hali iliyobuniwa. Hata hivyo, fundi achunguze njia ya oili. Pale ambapo oili yote hupita kwenye kipoza kabla ya kufika kwenye beringi, kuziba ncha za mipira ni kuinyima injini oili. Ncha hizo ziunganishwe kwa mpira unaostahimili joto na shinikizo.

Jaribio la darasani

Chukua makopo mawili ya umbo moja, dogo na kubwa. Yajaze maji ya moto ya nyuzi 80, kisha pima joto kila baada ya dakika tano kwa nusu saa. Chora grafu mbili kwenye karatasi moja. Ni kopo lipi linalopoa upesi, nalo linafanana na injini ipi?