Vita vya Maji Maji: Sababu Zake na Matokeo Yake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa mahali anaposikia vizuri. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: SABABU na CHANZO. Wanafunzi, yasomeni pamoja. Vema.

Maneno haya watu huyachanganya. Kuni zaweza kukaa kando ya meko siku nyingi bila kuwaka. Akija mtu na kibiriti, moto huwaka mara moja. Kuni ndizo sababu, kibiriti ndicho chanzo. Leo tutavitazama vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907 kwa njia hiyo. Tutauliza: kuni zilikuwa nini? Kibiriti kilikuwa nini? Na moto ulipozimika, ulibakiza nini?

Vita hivi si habari za mbali. Ninyi mlio hapa Ndundu mnalijua Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Ukilivuka daraja hilo kwenda kusini utafika Mohoro, na mbele yake viko vilima vya Matumbi. Huko ndiko moto ulikowaka kwanza.

Sababu za vita

Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walianza kuitawala nchi hii tangu mwaka 1885. Mwaka 1898 waliweka kodi ya nyumba. Kijijini kodi hiyo ilikuwa rupia 3. Mtu asiye na rupia alilazimishwa kufanya kazi, kama vile kulima barabara au kuchukua mizigo. Waliosimamia mambo hayo walikuwa maakida, na chini yao majumbe. Mtu aliyechelewa au kubisha alipigwa kiboko.

Kisha ikaja pamba. Kuanzia mwaka 1902, Gavana von Götzen aliamuru kila jumbe wa sehemu za pwani na kusini awe na shamba la pamba, na watu wake walilime. Fikirini jambo hilo, ninyi wakulima wa Rufiji. Mnajua kwamba mpunga unapoanza kuzaa, mtu hulala dunguni akifukuza ndege na nguruwe mwitu. Akiondoka siku chache tu, harudi kukuta kitu. Basi, mtu yule aliitwa kwenye pamba ya jumbe siku zile zile shamba lake lilipomhitaji. Dungu likabaki tupu. Nguruwe wakala.

Na malipo je? Katika wilaya ya Dar es Salaam watu walipewa senti 35 tu kwa kazi ya mwaka mzima. Wengine walizikataa.

Hizo ndizo kuni: kodi, kazi ya lazima, kiboko, na njaa iliyoingia nyumbani kwa ajili ya zao la mtu mwingine.

Maji yalikuwa nini?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wengine husema wazee wetu walipigana kwa sababu ya kuamini maji. Sivyo. Maji hayakuwa sababu ya vita. Maji yalikuwa kamba iliyowafunga watu pamoja.

Pale Ngarambe, katika wilaya hii ya Rufiji, alikuwako mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Wazee walisimulia kwamba mwaka 1904 alizama katika maji, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Akasema ametumwa na mzimu uitwao Hongo. Alitoa dawa ya maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama, na ikasemwa kwamba aliyeipata, risasi ya Mdachi itageuka maji mwilini mwake. Habari zikaenda kwa kunong'onezana, jambo ambalo Wamatumbi waliliita njwiywila. Watu wakaja Ngarambe makundi kwa makundi.

Sasa tazameni. Mmatumbi, Mkichi, Mngindo na Mpogoro kila mmoja alikuwa na wazee wake na mizimu yake. Hawakuwa na mfalme mmoja. Nani angeweza kuwakusanya? Dawa ile iliwapa neno moja na kiapo kimoja. Ndiyo maana makabila mengi yaliweza kuinuka karibu wakati mmoja, jambo ambalo Wajerumani hawakulitazamia.

Chanzo cha vita

Kinjikitile aliwaambia watu wangoje mpaka atoe amri. Lakini Wamatumbi walichoka kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905, pale Nandete, waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali. Hicho ndicho kibiriti. Walikuwa wakitangaza vita kwa mikono yao. Kisha wakamwendea akida wa Kibata, na baada ya siku chache wakachoma mji wa Samanga ulio pwani.

Wajerumani walimkamata Kinjikitile, wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Walidhani mambo yamekwisha. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha tawanyika. Vita vikafika Liwale, Mahenge, mpaka Ungoni. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu waliiendea boma ya Mahenge wakipiga kelele "Maji! Maji!" Bombomu zikawajibu. Siku ile wengi walitambua kwamba maji hayazuii risasi. Hata hivyo hawakuacha kupigana. Waliendelea kujificha porini na kushambulia kwa kuvizia. Je, kama dawa ndiyo iliyokuwa sababu, wangeendelea baada ya dawa kushindwa?

Matokeo ya vita

Tokeo la kwanza ni njaa. Wajerumani walichoma vijiji, wakachukua au kuteketeza chakula ghalani, wakawazuia watu kupanda. Walitumia njaa kama silaha. Serikali yao yenyewe ilikubali kwamba watu 75,000 walikufa. Wataalamu wa historia waliochunguza baadaye wanakadiria 250,000 mpaka 300,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Wazungu waliokufa walikuwa 15. Na tukumbuke kwamba askari wengi waliopigana upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika.

La pili, viongozi waliuawa. Mwezi wa Februari 1906 wakubwa wengi wa Wangoni walinyongwa Songea. Watu wakabaki bila wazee wa kuwaongoza.

La tatu, nchi iligeuka pori. Mahali palipokuwa na vijiji, ndovu na mbung'o waliingia. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikawa hifadhi ya wanyama, ambayo baadaye iliitwa Selous.

La nne, watawala walibadili mwendo. Gavana mpya, von Rechenberg, aliyeanza kazi mwaka 1906, aliyakomesha mashamba yale ya pamba ya lazima. Kodi haikuondoka. Lakini serikali ilijifunza kwamba mkulima akisukumwa kupita kiasi, husimama.

Mfano wa nchi nyingine

Mambo haya hayakutokea kwetu tu. Mwaka 1773, Wamarekani waliotawaliwa na Waingereza walikasirishwa na kodi ya chai, wakatupa majani ya chai baharini katika bandari ya Boston. Vita vikaanza mwaka 1775, na mwaka 1783 Waingereza wakakubali kwamba Marekani ni nchi huru. Wao walimwaga chai, sisi tuling'oa pamba. Lakini wao walikuwa na bunduki, na Wafaransa waliwasaidia kwa askari na manowari. Wazee wetu hawakuwa na msaidizi. Tofauti ilikuwa ya silaha na wasaidizi, wala si ya akili.

Mbegu iliyobaki

Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere alikwenda Umoja wa Mataifa kudai uhuru. Huko alieleza kwamba watu wa Maji Maji walipigana kwa sababu hawakuamini kwamba Mzungu ana haki ya kuwatawala. TANU ilichukua lengo lile lile, ikaacha silaha, ikatumia umoja na maneno. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha.

Ndugu wanafunzi, kwa miaka mingi habari za vita hivi ziliandikwa na walioshinda peke yao. Wao walikuwa na kalamu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee waliokuwa hai bado, na ndipo tulipozipata habari za upande wetu. Walioviona vita hawapo tena, lakini wajukuu zao wapo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa kalamu mnayo ninyi.

Maswali

1. Taja sababu tatu za vita, kisha useme chanzo chake.
2. Kwa nini tunasema maji yalikuwa kamba na si sababu?
3. Ni nini kilichoua watu wengi zaidi?
4. Muulize mzee wa nyumbani kwako alichosimuliwa juu ya wakati wa Mdachi. Kiandike kwa mistari kumi, ukisome darasani wiki ijayo.

Kwa herini.