Moto ukizuka Kariakoo usiku, faya wanajuaje?

Dar es Salaam. Abiria wa mwendokasi wa Kimara–Kivukoni akishavuka bonde la Jangwani, hufika kituo kinachoitwa Fire. Jina hilo limetokana na kituo cha zimamoto kilichopo hapo, kando ya Barabara ya Morogoro. Kutoka hapo hadi Soko Kuu la Kariakoo unaweza kwenda hata kwa miguu.

Ukaribu huo una sharti moja. Gari la zimamoto haliondoki mpaka taarifa ifike, na taarifa lazima iseme mambo mawili: kuna moto, na uko wapi.

Usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, soko hilo liliungua. Jengo lililobuniwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975, liliharibika vibaya, na wafanyabiashara wakapoteza mali zao.

Kariakoo mchana ina macho kila kona. Machinga, wapagazi, wateja, bodaboda: moshi kidogo tu ukitoka, watu wanapiga kelele. Usiku fremu zinafungwa, makufuli yanawekwa, anabaki mlinzi nje. Moto ukianzia ndani ya stoo, atauona ukishatoka dirishani. Hapo umeshakua.

Enzi za yowe

Kabla ya simu, kengele ilikuwa koo la mtu. Aliyeona moto alipiga yowe, jirani akaitikia, watu wakaja na ndoo za maji na mchanga. Waswahili wanasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ila mbiu haisemi jambo lenyewe liko nyumba ya nani.

Kwenye kijiji hilo si tatizo, kwa sababu moshi unaonekana. Kwenye mji mkubwa ni tatizo kweli. Oktoba 1871, mjini Chicago, Marekani, mlinzi aliyekuwa juu ya mnara aliona moto, lakini akakosea kukadiria ulipo. Wazimamoto wakaelekezwa pasipo. Ukame na nyumba za mbao vilichangia pia, lakini dakika za mwanzo zilishapotea. Watu wapatao 300 walifariki dunia.

Kisanduku chenye namba

Cha kushangaza, dawa ya tatizo hilo ilikuwa imeshagunduliwa. Mwaka 1852 jiji la Boston, Marekani, lilianza kutumia visanduku vya kengele ya moto mitaani, kazi ya William Channing na Moses Farmer. Vilitumia nyaya za telegrafu, miaka mingi kabla ya simu ya kuongea.

Kila kisanduku kilikuwa na namba yake. Aliyeona moto alikimbilia kilicho karibu, akazungusha mpini, na namba ya kisanduku ikafika makao makuu kwa migongo ya umeme. Hakuhitaji kueleza chochote, maana namba ndiyo ilikuwa anwani.

Kisha ikaja simu

Simu ilileta sauti, na pia foleni. Novemba 1935, nyumba moja ya Mtaa wa Wimpole, London, iliungua na wanawake watano wakafa. Jirani alipopiga simu kuita zimamoto, aliwekwa kwenye foleni ya kuunganishwa kama wapigaji wengine. Alikasirika, akaandika barua kwenye gazeti la The Times. Juni 30, 1937, London ikaanza kutumia 999, namba ya dharura ambayo simu yake hupewa kipaumbele.

Kwa Tanzania, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Haihitaji vocha. Jeshi hilo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na linafanya kazi kwa sheria ya mwaka 2007.

Lakini simu ya mkononi ina udhaifu ambao kisanduku cha Boston hakikuwa nao. Kisanduku hakikuhama, simu inahama na mwenye nayo. Kinachompeleka dereva wa zimamoto mahali sahihi ni maneno ya mpigaji, na “Kariakoo kunaungua, njooni haraka” si anwani. Kuna Mtaa wa Kongo, Sikukuu, Swahili, Aggrey, Narung'ombe na mingine kibao, yenye maghorofa yaliyobanana na bidhaa zilizojaa hadi njiani. Gari kubwa likiingia mtaa usio wenyewe, kugeuza ni kazi.

Kifaa kisicholala

Kwa usiku, suluhisho ni kifaa kinachonusa moshi chenyewe. Miaka ya 1930, Mswisi Walter Jaeger alikuwa akijaribu kutengeneza kifaa cha kutambua gesi ya sumu. Kilishindwa kazi hiyo. Inasimuliwa kwamba aliwasha sigara, na moshi wake ndio ukafanya kipimo kicheze.

Vitambua moshi vingi vya leo hutumia mwanga. Ndani kuna chumba kidogo chenye giza na taa. Moshi ukiingia, mwanga unatawanyika, unafika kwenye kihisi, na kengele inalia. Jikoni hufungwa kinachohisi joto, vinginevyo moshi wa kukaanga ungekifanya kilie kutwa.

Kwenye ghorofa, vifaa hivyo huunganishwa na kisanduku kikuu ukutani. Mitambo mizuri huonyesha ghorofa na chumba chenye moshi, yaani wazo lilelile la Boston: kengele inayotaja mahali.

Hata hivyo, kengele inayolia ndani ya jengo lililofungwa, mlinzi hana funguo wala namba ya kupiga, haijamfikia mtu. Juni 28, 2018, moto ulizuka Gikomba, Nairobi, kwenye saa 8 usiku, eneo lenye soko na makazi. Watu 15 walifariki dunia.

Ukipiga 114, sema hivi

1. Mahali: mtaa, jina au namba ya jengo, na alama inayojulikana, kama msikiti, benki au kituo cha daladala.
2. Kinachoungua: fremu, stoo, gari au nyumba. Taja kama kuna mitungi ya gesi, mafuta au rangi.
3. Kama kuna watu ndani, na wako ghorofa ya ngapi.
4. Namba yako. Usikate simu mpaka uambiwe.
5. Mtume mtu asimame barabarani kuwaongoza wazimamoto.

Na usipige kwa mzaha. Laini unayoichezea inaweza kuwa inasubiriwa na mwenye moto.

Kwa wenye fremu, kuna jambo la kufanya leo kabla ya kufunga. Muulize mlinzi wa usiku wa jengo lenu maswali matatu: namba ya zimamoto ni ipi, jengo hili liko mtaa gani, na funguo anazo nani? Akisita hata kwa swali moja, mwandikieni majibu kwenye karatasi, ibandikwe anapokaa.