Chuo Kina Kibali, Lakini cha Jimbo Gani?

Kwa Wakenya na Watanzania wengi walioko Marekani, uuguzi ndiyo kazi iliyowainua. Mtu huanza kwa kuhudumia wazee, akadunduliza karo huku akiota siku atakayoitwa nesi mwenye leseni. Anayeshika zamu ya usiku na kulea watoto mchana huona chuo cha mtandaoni kama jibu la maombi yake. Matatizo huanza chuo kinapokuwa jimbo moja na mwanafunzi jimbo jingine.

Marekani haina baraza moja la uuguzi la taifa zima kama Kenya. Kila jimbo lina bodi yake na masharti yake. Bodi ya jimbo kilipo chuo huidhinisha programu, lakini mwanafunzi akiingia wodini kwa mafunzo ya vitendo, mgonjwa anayemhudumia ni wa jimbo jingine, na bodi ya huko ina haki ya kuuliza. Jimbo la Washington, kwa mfano, hutaka programu za nje ziombe kibali chake kwanza ndipo zipeleke wanafunzi katika vituo vyake vya afya.

Wengi huteleza hapa. Wanaona chuo kina ithibati ya ACEN au CCNE, mashirika yanayothibitisha ubora wa programu za uuguzi, wanadhani yameisha. Ithibati ni jambo jema, ila si kibali cha bodi. Hata SARA, mkataba wa majimbo unaoruhusu vyuo kufundisha kwa mtandao nje ya mipaka yao, hauondoi masharti ya bodi za taaluma.

Mfano unaojulikana ni wa Excelsior, chuo cha Albany, New York, kilichosomesha wauguzi wengi kwa masafa. Kilikuwa na ithibati na kilitambuliwa na jimbo lake. Hata hivyo, bodi ya California iliamua kwamba waliojiunga baada ya tarehe 6 Desemba 2003 hawakidhi masharti ya leseni yake, kwa kuwa programu haikuwa na mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi ambayo bodi iliyataka.

Uamuzi wa namna hiyo unamuumiza aliyekwisha kulipa, lakini ukali wa bodi una sababu. Januari 2023 waendesha mashtaka wa Marekani walifichua biashara ya vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600 kutoka shule tatu za Florida. Baadhi ya walionunua walifaulu mtihani wa leseni, NCLEX, na kuajiriwa. Kufaulu mtihani, basi, hakuthibitishi kwamba mtu amefunzwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Lisilo haki ni kumwachia mwanafunzi pekee mzigo wa kuzijua sheria za majimbo yote. Tangu Julai 2020 kanuni za serikali kuu zinavitaka vyuo vieleze wazi ni katika majimbo gani programu zao zinakidhi masharti ya leseni, na ni katika yapi hazikidhi. Kanuni zilizoanza Julai 2024 zimekaza zaidi: chuo kinachopokea fedha za serikali za kusomesha wanafunzi kinapaswa kuhakikisha programu inakidhi masharti ya elimu ya jimbo aliko mwanafunzi anapojiunga. Ni hatua ya haki, na isilegezwe.

Hata hivyo, usitegemee tangazo la chuo. Kabla ya kulipa hata dola moja, iandikie bodi ya jimbo unaloishi. Uliza kama programu hiyo inaruhusiwa kupeleka wanafunzi wodini hapo, na kama mhitimu wake atapewa leseni. Kisha kiulize chuo nani atatafuta hospitali na msimamizi wa mafunzo: chuo, au wewe mwenyewe? Yote uyapate kwa maandishi. Na kama unatarajia kuhama, iulize pia bodi ya uendako. Chuo kisichotaka kukujibu kwa maandishi, usikipe fedha zako.