Mlingoti wa Kijidudu cha Kifua Kikuu

Kila fundi wa majahazi wa Kilwa Kivinje ajua kwamba si sehemu zote za chombo zina uzito mmoja. Rangi ikibanduka, safari yaendelea. Mlingoti ukivunjika baharini, safari imekwisha.

Kijidudu cha kifua kikuu nacho ni vivyo hivyo. Ndani yake mna protini maelfu, kila moja na kazi yake. Nyingine zikikosekana, chaishi tu. Nyingine zikizuiwa, hakizai tena, au chafa. Hizo za lazima ndizo mabingwa wa dawa wanazozitafuta, hasa zile ambazo mwili wa mtu hauna, au unazo za umbo jingine, ili dawa ipige kijidudu isimpige mgonjwa.

Rifampisini, ile dawa inayougeuza mkojo rangi ya machungwa, hushika protini inayonakili maagizo ya uhai wa kijidudu. Mwaka 1972 madaktari wa Afrika Mashariki na Uingereza walitangaza kwamba, ikichanganywa na dawa nyingine, matibabu yaweza kwisha kwa miezi 6 badala ya mwaka na nusu.

Lakini vijidudu ni vingi mno, na mara chache huzaliwa kimoja chenye protini iliyogeuka umbo kidogo. Dawa haikishiki tena. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa kadhaa pamoja: kinachoiponyoka hii hunaswa na ile. Mwenye kuacha dawa mwezi wa pili, ati kikohozi kimekoma, huvipa vijidudu sugu nafasi ya kuzaana, kisha aweza kumwambukiza mwanawe ugonjwa huo sugu.

Kwa wagonjwa hao ulitafutwa mlingoti mwingine. Mwaka 2005 watafiti walieleza habari za bedakwilini. Walikuwa wamekuza vijidudu vilivyoishinda dawa hiyo, wakachunguza urithi wao, wakaona kilichogeuka ni protini inayotengeneza nguvu. Basi hapo ndipo dawa inapopiga. Marekani iliikubali mwaka 2012, na leo inatumika Tanzania pia. Ilikuwa dawa ya kwanza ya namna mpya ya kifua kikuu baada ya miaka zaidi ya 40.

Ikiwa mlingoti mmoja umetafutwa muda huo wote, tusiichezee dawa tuliyo nayo. Mwenye kukohoa wiki mbili aende hospitali, iwe Kivinje, Nyangao au Ndanda, apimwe makohozi. Dawa hutolewa bure. Akianza, na amalize.