Kabla hujapuliza dawa, uliza kiwavi anakula nini: zijue familia za vipepeo wa msituni

Leo naacha kidogo nyanya na mahindi, naingia msituni kwenye vipepeo. Usiondoke lakini, maana mwisho tutarudi kwenye michungwa yako na kwenye mfuko wako.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa vijiji vya Muheza, Tanga, pale milima ya Usambara Mashariki inaposhukia mashamba ya machungwa. Kijana mmoja akanipigia simu: "Bwana shamba, viwavi wanamaliza miche yangu ya michungwa." Nilikuwa na diploma mpya na haraka ya kuonekana najua. Sikuuliza ni kiwavi gani, sikwenda kuangalia. Nikamtajia dawa hapo hapo kwenye simu. Akapiga solo jioni ile ile, na upepo unavuma. Ng'ambo ya kitalu kulikuwa na banda la neti la mama yake, aliyekuwa anafuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa kupitia kikundi. Asubuhi viwavi wake wote walikuwa chini. Mzigo wa mwezi mzima umekwenda.

Nilipokwenda kuomba radhi nilitegemea kutukanwa. Mama akanipa kiti, akasema, "Mwanangu, wewe ulisomea wadudu wanaokula mazao. Kwangu mimi hawa ndio mazao." Kisha akanitembeza bandani, mti mmoja baada ya mwingine. Haya ninayoandika leo nilianza kuyaelewa siku ile, mengine nimeyasoma baadaye kwa aibu.

Kwanza: ni kipepeo au ni nondo?

Vipepeo na nondo ni ndugu. Wote wamo kwenye oda moja, Lepidoptera, yaani wadudu wenye mabawa yaliyofunikwa magamba madogo sana. Ule unga unaobaki kwenye vidole ukimshika kipepeo ndio magamba yenyewe. Afrika kusini mwa Sahara ina zaidi ya spishi 4,000 za vipepeo, na nondo ni wengi kuliko hao mara nyingi.

Ukitaka kuwatofautisha, angalia papasi, yale "manywele" mawili ya kichwani. Ya kipepeo yana kirungu kwenye ncha. Ya nondo ni kama uzi au kama unyoya. Kwa kawaida kipepeo huruka mchana na hupumzika akiwa amesimamisha mabawa, nondo wengi huruka usiku na hulaza mabawa. Yapo yanayovunja kanuni hizi, lakini kwa shambani zinatosha.

Hili lina faida kwako, kwa sababu maadui wakubwa wa viwavi tunaopambana nao ni watoto wa nondo. Kiwavijeshi vamizi wa mahindi ni nondo. Kanitangaze wa nyanya ni nondo. Yule mdogo anayetoboa kabichi kama chujio naye ni nondo. Vipepeo wanaoharibu mazao wapo, nitawataja, ila ni wachache.

Familia ndiyo inayokuambia chakula

Mwaka 1758 Linnaeus alipopanga majina ya wanyama, vipepeo wote aliwaweka kwenye jenasi moja, Papilio. Wataalamu waliofuata wakawagawa kwa kuangalia miguu, mishipa ya mabawa na sura ya viwavi. Unaweza kusema majina ya Kilatini hayakuhusu. Yanakuhusu, kwa sababu mara nyingi ndugu wa familia moja hula majani ya miti iliyo ndugu. Jike hagi mayai ovyo. Hutua kwenye jani na kulionja kwa miguu kwanza. Kila ukoo wa mimea una kemikali zake za kujilinda, na kiwavi aliyezoea za ukoo mmoja mara nyingi akipewa jani la ukoo mwingine atakufa njaa akiwa juu yake.

Hizi hapa familia tano utakazokutana nazo:

1. Papilionidae. Vipepeo wakubwa, wengi wana mikia kwenye mabawa ya nyuma. Jenasi ya Papilio wengi hula ukoo wa michungwa na milimau, na ndugu zake wa porini kama Vepris na Clausena. Graphium hupenda ukoo wa mstafeli na mtopetope. Kipepeo mkubwa kuliko wote Afrika, Papilio antimachus, ni wa familia hii. Yuko misitu ya Afrika Magharibi na Kati hadi magharibi mwa Uganda, na mabawa yake yakikunjuliwa huweza kuzidi sentimita 20.

2. Pieridae. Weupe na wa njano, wale unaowaona wamejaa kwenye tope la barabarani wakifyonza chumvi. Weupe wengi hula mimea iliyo karibu na ukoo wa mgagani. Wa njano wengi hula jamii ya Cassia na Senna.

3. Nymphalidae. Familia kubwa kuliko zote. Mhesabu miguu: utaona anasimama kwa minne tu, ile miwili ya mbele imekuwa mifupi na haitembei. Humu wamo Charaxes wenye nguvu, Acraea ambao wengi wao hula ukoo wa mapasheni, Bicyclus wa kahawia wanaoishi chini kabisa kwenye kivuli na kula nyasi, na kina Danaus na Amauris wanaokula mimea ya utomvu mweupe wenye sumu.

4. Lycaenidae. Wadogo, wengi wana rangi ya bluu. Viwavi wa spishi nyingi huishi na sisimizi, humpa sisimizi maji matamu naye huwalinda. Kwenye misitu ya Afrika wapo ambao viwavi wao hawali majani kabisa, hula ule utando wa kijani na kijivu unaoota kwenye magome ya miti mizee. Ukikata mti mzee ukapanda mche mpya, kwa hao hujarudisha kitu kwa miaka mingi.

5. Hesperiidae. Wanene, wanaruka kwa kurukaruka, na papasi zao zina ndoano mwishoni. Wengi hula nyasi. Wapo wanaokula mpunga na minazi.

Sura hudanganya

Hapa ndipo wengi huchemka. Mama alinionyesha vipepeo watatu bandani. Mmoja ana mikia, rangi ya krimu iliyoelekea njano na nyeusi. Wa pili mweusi na mweupe, hana mkia. Wa tatu ana rangi ya chungwa, naye hana mkia. Nikamwambia, "Mama, hizi ni spishi tatu." Akacheka. Wote ni Papilio dardanus, mwenye mkia ni dume na wale wawili ni majike.

Majike wa dardanus katika sehemu kubwa ya Afrika huiga sura za Danaus na Amauris, wale wenye sumu. Ndege aliyewahi kula Danaus akatapika hatamgusa tena, na jike wa dardanus anajificha ndani ya sifa hiyo mbaya. Roland Trimen, aliyekuwa akiishi Rasi huko Afrika Kusini, alieleza jambo hili mwaka 1869, na kuna waliomwona anaota. Ushahidi mmoja mzuri ni wa Madagaska. Huko majike wanafanana na madume, mikia na yote.

Sasa fikiria wewe mfugaji. Usipojua hili utamtupa jike wako mwenyewe ukidhani ni mvamizi, au utampelekea Amauris majani ya mlimau na kushangaa kwa nini hatagi. Ndiyo maana nasema usiamini mabawa peke yake. Angalia miguu, angalia kiwavi, angalia mti anaotagia.

Pupa bila pupa

Kipepeo hupita hatua nne: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Kwenye joto la kwetu, yai la Papilio huanguliwa kama ndani ya wiki moja, kiwavi hula majuma kadhaa huku akijivua ngozi, na pupa hukaa takriban wiki mbili kabla ya kipepeo kutoka. Baridi ikiwepo, muda unaongezeka.

Kwa Kiswahili pupa pia ni haraka na tamaa, na wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kwa mfugaji inaingia vizuri. Ukimbandua pupa kabla hajakauka, anapasuka au kipepeo anatoka na mabawa yaliyopinda. Namna ya kumtundika nayo inategemea familia. Papilionidae na Pieridae hujifunga uzi kiunoni, kichwa kikiwa juu. Nymphalidae wengi huning'inia kichwa chini.

Chakula cha mkubwa nacho kinatofautiana. Papilio anataka maua. Charaxes haendi kwenye maua. Yeye anataka ndizi zilizooza, utomvu wa miti unaochacha, hata kinyesi cha wanyama. Ukiweka Charaxes kwenye banda lenye maua mazuri bila ndizi mbovu, umemnyima chakula.

Turudi kwenye michungwa

Kiwavi aliyekuwa anakula miche ya yule kijana ni Papilio demodocus. Akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, akikua anakuwa wa kijani. Mguse, atatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Mche mdogo anaweza kuumaliza majani. Mchungwa mkubwa hausumbuki naye.

Kwa hiyo kwenye kitalu zunguka asubuhi, okota kwa mkono. Miche mia mbili haikuchukui nusu saa. Kwenye miti mikubwa usipulize kwa ajili yake. Nyigu wadogo na ndege wanafanya kazi hiyo bure, na ukipuliza unawaua nyigu halafu unabaki na tatizo ambalo hukuwa nalo. Kama jirani anafuga vipepeo, jua kwamba hata dawa ya kibaiolojia ya Bt haibagui kiwavi wa nondo na kiwavi wa kipepeo. Mwambie kabla, na usipulize upepo ukielekea kwake.

Vipepeo wengine wa kuwaangalia ni Acraea acerata kwenye viazi vitamu, ambaye viwavi wake wadogo hukaa kwa makundi kwenye utando juu ya majani (kata jani zima, liharibu), na yule mdogo wa bluu, Lampides boeticus, anayetoboa maua na maganda ya kunde.

Je, ni biashara?

Imewahi kuwa, na si ndogo. Kenya mradi wa Kipepeo pale Gede, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, ulianza mwaka 1993. Kwetu mradi wa vipepeo wa Amani ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanakijiji walifuga, pupa wakasafirishwa Ulaya na Marekani kwenye mabanda ya maonyesho, na kaya zikapata sababu ya kuulinda msitu. Bila msitu hakuna majike wapya wa kuongezea damu bandani.

Lakini nikifundisha faida tupu nitakuwa nakudanganya. Mwaka 2016 serikali yetu ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na pupa wakaingia humo humo. Yule mama alibaki na viwavi waliofikia kugeuka na hana pa kuwapeleka. Akawaachia waruke. Banda lake leo ni la kuku.

Kwa hiyo kijana, kipepeo wa msituni kisheria ni mnyamapori. Kabla ya kununua hata mita moja ya neti, nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya uulize kibali cha kufuga na hali ya soko la nje kwa siku hiyo. Usitegemee nilichoandika mimi wala alichosema rafiki yako. Na ukiruhusiwa, anza na miti. Panda chakula cha viwavi mwaka mmoja kabla, kisha ndipo utafute jike.

Kazi ya wiki hii ni hii: ukikuta kiwavi, usikimbilie solo. Mpige picha, andika mti anaokula, mweke kwenye chupa ya plastiki yenye matundu na majani ya mti huo huo, usubiri uone anatoka nani. Mimi ningefanya hivyo mwaka ule, mzigo wa mama ungefika.

Kazi njema shambani, tukutane wiki ijayo.